Nelson Algren na watu wa Division Street: jibu kwa mwalimu wa Dodoma

Mwalimu mmoja wa fasihi, anayefundisha sekondari mkoani Dodoma, ameniandikia. Aliona filamu ya zamani ambamo Frank Sinatra anaigiza teja, akaambiwa imetokana na riwaya ya Mmarekani aitwaye Nelson Algren, mwandishi wa walevi, makahaba, wacheza kamari na vibaka. Anauliza mambo mawili. Je, Algren anawaandika watu hao ili tuwahurumie, au anawapamba ili tuwashangilie? Na la pili linamhusu yeye mwenyewe: anaandika hadithi fupi kuhusu vijana wa kijiweni karibu na stendi, na rafiki yake kamwambia wazi kwamba anauza shida za watu. Aanze na kitabu gani, na huyu Algren ana lolote la kumsaidia?

Mwalimu, salaam.

Hiyo filamu tuimalize kwanza, maana imewapotosha wengi. Otto Preminger aliitoa mwaka 1955, na mwisho wake shujaa anafungiwa chumbani, anagaragara kwa arosto, anapona, anaondoka na mwanamke aliyemsimamia. Katika riwaya yenyewe, The Man with the Golden Arm ya mwaka 1949, Frankie Machine haponi wala haondoki. Anajinyonga kwenye chumba cha kulala wageni cha bei chee huku polisi wakimsaka, na kurasa zinazofuata ni maelezo ya mashahidi mbele ya mchunguzi wa vifo, swali na jibu, makavu kama jalada la ofisini. Algren alilipwa kidogo kwa haki za filamu, akafungua kesi, asiambulie kitu. Rafiki yake mpiga picha, Art Shay, alipomwomba asimame chini ya bango la jumba la sinema apigwe picha, alimuuliza filamu ile inamhusu nini yeye. Kwa hiyo uliyemwona ni Preminger na Sinatra. Algren bado hujakutana naye.

Sasa swali lako la huruma. Algren alilijibu katika insha ndefu aliyoiandika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mchapishaji wake aliikataa, ikaja kutoka kama kitabu mwaka 1996, yeye akiwa marehemu kwa miaka 15, kwa jina la Nonconformity. Humo anasema riwaya haiandikwi kwa huruma tupu, kama vile hakuna anayelipua sefu ya benki kwa sababu tu angependa siku moja awe na hela. Mwandishi, kwa maelezo yake, anahitaji ukatili kidogo na hali ya kujiona amesimama nje ya jamii, sawasawa na jambazi mwenye bunduki. Watu hunukuu maneno hayo kama utani. Mimi nayachukua kama maelezo ya kazi ya mtu anayejua anachokifanya. Anayehurumia amekaa juu, anayehurumiwa amekaa chini, na kila mmoja anabaki mahali pake hata kitabu kikifungwa. Algren alitaka kuivuruga mikao hiyo. Taa iliyokuwa ikimmulika mshitakiwa aliigeuza immulike anayehukumu. Nitakuonyesha alivyofanya, ila kwanza nikusimulie alikopitia, kwa sababu swali la rafiki yako linaanzia hapo: huyu alipata wapi haki ya kuwaandika?

Alizaliwa Detroit mwaka 1909, akalelewa Chicago. Baba yake alikuwa fundi, baadaye akawa na banda la kuziba matairi. Kijana akasoma uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Illinois, akahitimu 1931, wakati mdororo mkuu wa uchumi umeshaikaba nchi. Magazeti hayakuwa na nafasi. Akashika njia kuelekea kusini kama maelfu ya vijana wenzake, kwa kudandia na kwa kuomba lifti, New Orleans mpaka Texas, akiuza vitu mlango kwa mlango kwa ujanja ujanja, akaishi kwa muda katika kituo cha mafuta kilichotelekezwa huko bonde la Rio Grande. Akiwa Alpine, mji mdogo wa magharibi mwa Texas, alizoea kuingia chuo cha pale na kutumia mashine zao za taipu. Mwaka 1934, alipoamua kurudi Chicago, mashine moja akaondoka nayo. Walimkamata. Alikaa ndani karibu miezi mitano, na mbele yake kulikuwa na uwezekano wa kuongezewa miaka mitatu. Mwishowe wakamwachia arudi kwao.

Wasifu wake husimuliwa mara nyingi kana kwamba kisa hicho ni kichekesho cha ujanani, mwandishi aliyeiba taipureta. Kwangu mimi ndicho kinachoeleza kila kitu kilichofuata. Waandishi wengi wa Marekani wa miaka ile walikwenda kuwatazama maskini, wakarudi na daftari limejaa. Algren aliwekwa selo moja na wezi, naye alikuwa mwizi. Hakusingiziwa. Akajua ladha ya kuwa na hatia kweli na bado kuona kwamba adhabu na kosa havilingani hata kidogo. Watu wake wote baada ya hapo ni wa namna hiyo: wamefanya kweli wanachoshitakiwa, au wamefanya kibaya zaidi ambacho hakuna aliyewashitaki. Huwezi kumtetea mtu wa Algren kwa kusema hakufanya.

Riwaya ya kwanza, Somebody in Boots ya 1935, inatokana na safari hizo, na haikuuzika. Baadaye alipata kibarua katika mradi wa waandishi uliogharimiwa na serikali ya Roosevelt, ambako Richard Wright, mwandishi Mmarekani mweusi, naye alikuwemo. Urafiki wao ulikuwa mkubwa kiasi kwamba jina la riwaya maarufu ya Wright, Native Son, lilikuwa kwanza jina ambalo Algren alitaka kuipa riwaya yake mwenyewe. Wright akaandika utangulizi wa riwaya ya pili ya mwenzake, Never Come Morning, mwaka 1942. Kati ya kazi na kazi Algren aliajiriwa na idara ya afya ya Chicago, kitengo cha magonjwa ya zinaa, kazi iliyompeleka kwenye nyumba ambazo mhitimu wa chuo hakaribishwi. Vitani alikuwa mbeba machela Ulaya, askari wa cheo cha chini kabisa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na digrii yake. Alirudi akapanga vyumba viwili vya dola 10 kwa mwezi mtaa wa Wabansia, katika eneo la Wapolandi la kaskazini magharibi ya jiji, karibu na barabara ya Division Street. Hapo ndipo Simone de Beauvoir, mwandishi wa Kifaransa, alipomkuta mwaka 1947, na badala ya kumtembeza majumba ya makumbusho alimtembeza baa za walevi na jela yenye kiti cha umeme. Mapenzi yao yameandikwa sana, pengine kupita kiasi. Wapo wanaomjua Algren kwa hilo tu, na lilimkera mpaka siku ya mwisho ya maisha yake.

Tuje kwenye ile taa. Polisi wa Chicago walikuwa na gwaride la utambulisho ambalo lilifanana na maonyesho. Watuhumiwa walipandishwa jukwaani, mwanga mkali usoni, wakajipanga mstari mmoja. Walioibiwa na kupigwa walikaa gizani kama watazamaji, na kapteni akawahoji wa jukwaani mmoja mmoja kwa kipaza sauti: umekamatwa kwa nini, mara ya ngapi hii, ulifungwa wapi. Algren amesimulia kwamba aliwahi kuporwa, polisi wakampa kadi ya kuingia aje amtambue aliyempora. Kadi hiyo aliitumia miaka kadhaa, akiionyesha mlangoni kila alipotaka kuingia kusikiliza, mpaka ikachakaa. Mwizi wake hakumtafuta tena. Alikuwa anakusanya sauti.

Katika The Man with the Golden Arm, anayeendesha gwaride ni Kapteni Bednar, ambaye mtaani wanamwita Record Head kwa sababu anakumbuka faili la kila mtu. Mwalimu, ukikifungua kitabu hiki angalia sentensi ya kwanza inamhusu nani. Riwaya ya teja, ya mgawa karata mwenye mkono usiotetemeka, inaanza na polisi. Tunaambiwa kapteni hanywi pombe kabisa, na bado jioni zikiingia kabla ya theluji ya kwanza hujisikia kama mtu aliyelewa nusu. Amechoka na kitu asichokijua. Miaka yote amekaa mezani akiandika hatia za wengine, na hatia hizo zimeanza kumrudia.

Kisha, katikati ya kitabu, gwarideni, anapandishwa jukwaani padri aliyevuliwa daraja. Kapteni anamhoji kama anavyowahoji wote, kwa kejeli, ukumbi ukicheka. Ilikuwaje akafukuzwa? Jibu lake ni fupi: kwa sababu aliamini sisi sote ni viungo, kila mmoja kiungo cha mwenzake. Msomaji wetu aliyesoma Waraka kwa Warumi, sura ya 12, anayatambua maneno hayo bila kuambiwa. Kapteni hana cha kujibu. Mstari unasonga, anapanda mwingine, lakini sentensi imeshamwingia na haitoki. Baadaye tunamwona usiku peke yake ofisini, akitamani kama na yeye angeweza kupandishwa pale, amulikwe, aulizwe, akiri kitu, yeye ambaye sheria haina la kumshika. Wale wa jukwaani angalau wana kosa lenye jina. Na usidhani anatubu akawa mtu mwema. Wakubwa wa siasa wanamtaka afunge kesi ya mauaji kabla ya uchaguzi, basi anamkamata Sparrow, kijana mwizi wa mbwa, rafiki mpenzi wa Frankie, anambana mpaka akubali kumpelekea Frankie unga mlangoni, polisi wakiwa wamejificha. Anajua anachokifanya, kinamuumiza, na anakifanya. Ukurasa huo mmoja unamfichua kapteni kuliko hotuba kumi dhidi ya polisi.

Hapo utaona kwa nini nasema huruma si neno linalotosha. Frankie ni muuaji. Alimvunja shingo mtu aliyekuwa akimuuzia unga, kichochoroni, kwa hasira ya arosto. Ni mwongo nyumbani. Mkewe Sophie yuko kwenye kiti cha magurudumu tangu ajali ya gari ambayo Frankie alikuwa akiendesha amelewa, na daktari hapati mfupa wala mshipa ulioharibika. Anabaki kitini kwa sababu kiti ndicho kamba yake ya kumfunga Frankie. Mchana kutwa anakata habari za ajali magazetini na kuzibandika kwenye daftari, vifo vya moto, vya treni, vya magari, na jina la daftari ameliandika kwa makosa ya tahajia. Nawaambia wanafunzi wangu wasome kurasa za daftari hilo polepole. Mwandishi mwenye huruma angeliacha daftari litulize. Algren analifanya silaha: Sophie humsomea mumewe.

Kuhusu unga, nikwambie jambo moja litakalokushangaza. Mpango wa awali wa riwaya haukuwa na sindano. Ulikuwa wa askari aliyerudi vitani na kazi yake ya kugawa karata. Ushauri ulikuja kwamba hadithi haina kigingi cha kushikia, ndipo uraibu wa morfini ulipoingia, kitabu kikiwa kimeshaandikwa sehemu kubwa. Labda ndiyo maana kitabu hakinuki utafiti. Mitaa, baa ya Antek, meza ya kamari ya Schwiefka, vilikuwa vimeshakaa, na teja akaingia katika maisha yaliyokwisha kuwepo kama anavyoingia kweli. Na hapa msomaji wa Kinondoni, wa Mombasa au wa Unguja ana faida ambayo msomaji wa tabaka la kati wa Marekani ya 1949 hakuwa nayo. Kwake ilikuwa habari ya ajabu. Sisi tuna neno arosto, tumemwona jirani akijikunja, na tangu 2011 Muhimbili wanatoa methadoni, watu wanapanga foleni asubuhi na maisha yanaendelea. Ukisoma Frankie akihesabu saa, utaweza kusema wewe mwenyewe kama Algren alikuwa akiona au akibuni. Mimi nasema alikuwa akiona.

Kitabu kikapata mwaka 1950 Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani, ya kwanza kutolewa kwa riwaya tangu tuzo hiyo ilipofufuliwa mwaka huo. Baada ya hapo mambo yakageuka. Alikwisha kuchukiwa nyumbani tangu Never Come Morning: magazeti na vyama vya Wamarekani wenye asili ya Poland viliishambulia kwamba inawatukana, hata ikadaiwa ni propaganda ya adui wakati wa vita, na maktaba ya umma ya Chicago ikaiweka kando. Anayekumbuka yaliyoipata Rosa Mistika ya Kezilahabi mashuleni hatashangaa. Halafu ikaja zama ya kuwinda wakomunisti. Shirika la upelelezi la FBI lilimfungulia jalada la mamia ya kurasa, na mwaka 1953 akanyimwa pasipoti, asiweze kwenda Paris kwa Beauvoir. Ilipotoka A Walk on the Wild Side mwaka 1956, wahakiki wa New York walikuwa wakimsubiri.

Hoja yao ndiyo hoja ya swali lako, upande wake wa pili, kwa hiyo tusiipuuze. Norman Podhoretz aliandika, kwa kifupi, kwamba Algren anatuambia wazururaji na walevi ni watu bora kuliko wahubiri na wanasiasa. Leslie Fiedler akamwita malenga wa wanaoyumbayumba. Algren hakukana sana. Alisema mwenyewe kwamba kitabu kile kinauliza kwa nini waliopotea wakati mwingine hukua wakawa watu wakubwa kuliko wale ambao hawajapotea maishani. Mimi nadhani Podhoretz alipatia nusu. A Walk on the Wild Side inachekesha, ina Dove Linkhorn, kijana asiyejua kusoma kutoka Texas anayeingia New Orleans ya 1931 na kufanya kila kazi chafu, na ina lile shauri linalonukuliwa kila mahali, usicheze karata na mtu anayeitwa Doc, usile mahali panapoitwa kwa Mama. Lakini danguro la mle limepakwa rangi. Wanawake wake wanatoa mizaha mizuri mno, na umaskini una muziki nyuma yake. Hapo anapamba, ndiyo. Katika kitabu cha 1949 hapambi, na nisingependa mtu amhukumu kwa kitabu cha 1956 peke yake.

Ana kasoro nyingine ambazo mwalimu wa fasihi atazigundua haraka. Hajui kuacha. Akipata sentensi yenye mdundo ataipiga mara tatu, mpaka msomaji aombe kimya. Wanawake wake wamegawanyika, wale wanaoshika kama Sophie na wale wanaopenda bila kudai kama Molly, mpenzi wa nje wa Frankie, na kati ya hapo ni wachache. Wamarekani weusi wa Chicago, ambao Wright aliwaandika umbali wa safari fupi ya treni, katika riwaya zake kubwa wanapita pembeni tu.

Sasa turudi kwa rafiki yako na vijana wa stendi. Nadhani hofu yake ni ya haki, lakini imelenga mahali pasipo. Anafikiri ubaya uko katika kuchukua hadithi ya mtu asiye na kitu. Kwa Algren ubaya uko katika kumchukua nusu. Angalia Bruno Bicek katika Never Come Morning. Ni kijana wa miaka kumi na saba hivi, anataka kuwa bondia, ana genge. Msichana wake Steffi anabakwa na genge lote kwa zamu, na Bruno, anayeweza kuwazuia au angalau kupigana, anatoka nje. Anaogopa kuonekana mnyonge. Nje anatokea Mgiriki mmoja asiye wa genge, naye anataka kupanga foleni, na Bruno anamuua. Hasira iliyotakiwa kumwokoa Steffi inaishia kwa mtu wa kupita. Mwishoni sheria inamkamata kwa kifo cha yule Mgiriki. Kosa linalomla usiku, katika kitabu kizima, ni lile la Steffi, ambalo hakuna mahakama iliyomuuliza. Mwandishi anayeogopa kuwadhalilisha vijana wa kijiweni asingethubutu kuandika tukio hilo. Angemfanya Bruno mhanga wa mazingira, ukosefu wa ajira, malezi. Yote hayo yamo kitabuni, yanaonekana, ila hayamwondolei Bruno uwezo wa kujihukumu. Hiyo ndiyo heshima ninayoiona kwa Algren: anamwachia mtu wake dhambi yake mwenyewe.

Kwa hiyo nikisoma hadithi zako, Mwalimu, nitaangalia vitu viwili zaidi ya vingine. Kijana wako wa kijiweni ana kazi gani anayoiweza vizuri? Frankie anagawa karata kama hakuna mwingine mjini, na ndicho chanzo cha jina la kitabu, mkono wa dhahabu. Mpiga debe ana ufundi wake, kibaka ana wake. Mtu asiye na ufundi wowote kwenye hadithi ni mtu uliyemwonea tu huruma. Na nani amekaa gizani akimtazama? Kama hadithi yako haina askari mgambo, wala abiria anayeshika begi vizuri akipita, wala wewe mwenyewe na chai yako upande wa pili wa barabara, basi umewaweka vijana jukwaani na kuzima taa za ukumbini, na rafiki yako ana hoja. Waweke watazamaji ndani ya hadithi. Wape na wao sababu ya kukosa usingizi.

Suala la ruhusa nalo si dogo. Algren alikaa nao. Mateja aliowaandika walikuwa watu aliokuwa akiwatembelea na kukesha nao, na ilichukua muda kabla hawajaacha kumshuku. Hakuanza kwa kuuliza maswali. Hilo halina njia ya mkato, na wewe unaishi karibu na stendi, umeshapiga hatua.

Kuhusu pa kuanzia: usianze na riwaya. Kiingereza chake ni cha mtaa wa Chicago wa miaka ya 1940, kimechanganyika na Kipolandi na lugha ya wacheza kamari, na kurasa hamsini za kwanza zinaweza kukukatisha tamaa. Anza na mkusanyiko wa hadithi fupi, The Neon Wilderness wa 1947, na ndani yake A Bottle of Milk for Mother. Ni hadithi ya chumba kimoja. Kijana anahojiwa kituoni kwa kifo cha mlevi aliyepigwa risasi kwenye korido ya nyumba ya kupanga. Anasema alikuwa anampelekea mama yake chupa ya maziwa. Kapteni hapigi, hafoki. Anamsifia, anamwacha ajigambe kuhusu timu yake na uwezo wake wa kurusha mpira, na kila sifa ni hatua moja kuelekea mtegoni. Ukiisoma kwa sauti darasani, wanafunzi wawili, mmoja kapteni mmoja kijana, utaona jinsi mahojiano yanavyobadilika bila mwandishi kutia neno. Mwishoni kijana yuko peke yake anajiambia kwamba siku zote alijua hatafika miaka ishirini na moja. Hadithi hiyo hiyo ndiyo mbegu ya Never Come Morning, kwa hiyo ukiimaliza una mlango wa kuingilia riwaya.

Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye The Man with the Golden Arm, uruhusu usielewe kila neno. Chicago: City on the Make ya 1951 ni kitabu chembamba, karibu ushairi, kizuri kwa jioni moja, chama cha wafanyabiashara wa jiji kiliichukia. Somebody in Boots iache kwa sasa, ni kazi ya mwanafunzi. Ya mwisho, The Devil's Stocking, ilitoka 1983, yeye akiwa ameshafariki Sag Harbor, New York, Mei 1981. Msingi wake ni kesi ya bondia Rubin Carter, aliyefungwa kwa mauaji ya Paterson, New Jersey, ya mwaka 1966. Mwaka 1975 Algren, mzee wa miaka 66, alihamia Paterson kuifuatilia kesi hiyo kwa karibu, na hatimaye akaifanya riwaya. Kama riwaya inalegalega, ila kwa mtu anayeandika kuhusu vijana na polisi ina mahojiano ya jela na ya mahakamani yenye thamani. Carter aliachiwa mwaka 1985.

Hadithi zako nitumie, mbili tu kwa kuanzia, na ile ambayo rafiki yako ameilalamikia zaidi iwe mojawapo.